Wa Mwisho Kwenye Kiti

Wimbo wa taifa ulianza, kofia zikavuliwa, jukwaa zima likasimama. Verla Haskett peke yake alibaki ameketi, kidevu juu, mikono mapajani.

"Mama, simama," Garth alimnong'oneza. "Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Nitasimama siku nitakayoulizwa ninataka nini."

Garth alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe, Renae, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Rodeo, haya mashindano ya kupambana na fahali, haikuwa kwenye mpango wao. Walikuwa wakitoka Montana kwenda Arizona na lile gari lao lenye vitanda na jiko, na walipofika hapa Wyoming injini ikachemka. Fundi alikuwa uwanjani kama mji mzima, na aliapa hatagusa spana mpaka fahali wa mwisho arudi zizini. Basi wakakata tiketi.

Majirani waliambiwa ni matembezi ya familia. Matembezi gani! Garth alikuwa anampeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee. Wakati wa baridi jirani alimkuta Verla bandani, juu ya kigoda cha kukamulia, vidole vimekuwa vya buluu na jua linazama. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Alipoulizwa alijibu kwamba alikuwa anawaza. Garth akaamua kuwa akili za mama zimeanza kumtoka, na mtu wa hivyo haachwi peke yake na ng'ombe.

Verla hakulia wala hakubembeleza. Aligoma. Kila waliposimama njiani alikataa kushuka garini mpaka Renae amvute mkono, na kila alipovutwa aliporomosha matusi ambayo Renae hakutarajia kuyasikia kwa mjane wa mchungaji wa kanisa.

Sasa mtangazaji akauliza nani ana roho ngumu. Katikati ya uwanja iliwekwa meza ya karata na viti vinne. Watu wanne watacheza, fahali atafunguliwa, na atakayebaki kwenye kiti chake mpaka mwisho ndiye mshindi.

"Mimi hapa!" Verla alipaza sauti.

"Mama, kaa hapohapo!"

"Ndiko ninakokwenda, mwanangu, kukaa. Hukusikia sheria?"

Mchekeshaji aliyejipaka rangi usoni, yule ambaye kazi yake ni kuwazuga fahali wasiue watu, alipanda ngazi, akamwinua, akamshusha taratibu kama bibi harusi na kumketisha mezani pamoja na wanaume watatu.

"Bibi, una umri gani?" mtangazaji aliuliza.

"Wa kutosha kujua nyumbani kwangu ni wapi." Watu wakacheka. Verla akakivuta kipaza sauti. "Yule mwenye shati jekundu ni mwanangu. Ananipeleka Arizona kunifungia. Nikishinda, anageuza gari. Mwambieni akubali mbele yenu!"

Jukwaa zima likamgeukia Garth. "Kubali! Kubali!" Mzee mmoja nyuma yake akampiga bega. "Kubali, bwana. Au unamwogopa mama yako?"

Garth alipiga hesabu haraka. Fahali akitoka tu, mama atatimua mbio kama binadamu yeyote, na ubishi utakuwa umekwisha mpaka Arizona. Akainua mkono. "Naapa! Akishinda tunarudi!"

"Umerukwa na akili wewe," Renae alisema.

Lango likafunguliwa.

Fahali alikuwa mweusi, mwenye nundu, na hakuwa na haraka. Kijana wa kwanza alikuwa juu ya uzio kabla mnyama hajamwona. Wa pili alirusha karata zake na kumfuata. Wa tatu, pande la mtu, mkanda wake una bamba la fedha, alivumilia mpaka pembe ilipoipindua meza. Hapo naye akakumbuka ana watoto.

Verla akabaki peke yake na fahali.

Garth aliinuka aone vizuri. Mama yake alikuwa ameshika mikono ya kiti kana kwamba anataka kuing'oa. Alijisukuma mbele kuelekea fahali, uso umemwiva, akarudi nyuma. Akajisukuma tena. Watu walipiga mayowe.

"Anamchokoza!" mtangazaji alipasua sauti. "Jamani, bibi anamfuata fahali!"

Fahali alimnusa begani. Verla akamtolea tusi moja zito, kubwa kuliko yote ya njiani. Mnyama akapuliza pua, akazungukazunguka, kisha akamfuata mchekeshaji mpaka zizini.

Garth aliruka uzio. Alikimbia kwenye vumbi, akapiga magoti mbele ya kile kiti, na hakuona haya kulia. Kwa nini alidhani mwanamke huyu amekwisha? Ni nani kati ya watu wote hawa angethubutu?

"Nisamehe, mama. Tunarudi nyumbani."

Verla alikuwa anahema. Akamshika kola, akamvuta karibu.

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Na hawa wote wamekusikia?"

"Wamesikia, mama."

"Basi nishike kwapani uniinue, na utabasamu, wanatuangalia. Magoti yamekataa. Ningeweza kuinuka, ningewatangulia wote kwenye uzio."