Mbegu za Jemadari

Mbuzi wa tisa alishikwa kichwa, mkia ukainuliwa, na mtaalamu akampandikiza mbegu iliyokufa.

Hakuwa na haraka. Alitoa mrija wa mbegu kwenye mtungi wa baridi, akauchovya nusu dakika katika maji ya uvuguvugu, akaufuta, akaukata ncha. Moshi mweupe ulimwagika mdomoni mwa mtungi kama kawaida. Nani angejua kwamba mwezi uliopita aliitoa mirija yote, akaiacha mezani kwake siku tatu, kisha akairudisha mahali pake?

"Polepole na mali yangu, daktari," mzee mwenye shamba alisema kutoka kwenye kiti chake, mlangoni mwa banda. "Jemadari hana mbegu nyingine duniani."

Ilikuwa kweli. Beberu huyo alikufa miaka mitatu nyuma bila kuacha dume hata mmoja, na mirija hii ishirini na minne ndiyo iliyobaki ya ukoo wake. Mzee alikuwa amewaahidi wafugaji wa karibu na wa mbali vitoto vya damu hiyo, akaliweka jina lake lote rehani kwa majike ishirini na wanne. Juzi mtaalamu alikuwa amewatoa sponji za dawa ili wote waingie joto siku moja. Siku yenyewe ndiyo hii. Hapakuwa na nyingine.

Mzee hakumtambua. Miaka kumi na miwili iliyopita, mtunzaji wa banda hili alikuwa baba yake mtaalamu. Aliandika kwa mkaa ukutani siku ya kila jike kupandwa na siku atakayozaa, na kwa kawaida hakukosea zaidi ya siku tatu. Kisha msimu mmoja beberu wa mitaani akaingia, na banda zima likazaa machotara. Lango lilikuwa limeachwa wazi na mzee mwenyewe. Wafanyakazi wote walimwona. Lakini aliyefungwa kamba ya mbuzi shingoni na kuongozwa hadi barabarani, watu wakitazama, alikuwa baba. Tangu siku hiyo baba hakutoka tena uani. Alikaa ameuelekea ukuta mpaka akafa.

Kumi. Kumi na mmoja. Kumi na wawili.

Aliyeshika vichwa alikuwa mke wa mzee, mama wa maneno machache. Kila mbuzi alimkuna nyuma ya masikio kwanza, akamnong'oneza kitu, ndipo akambana. Yeye ndiye aliyeutunza mtungi nyumbani tangu Jemadari afe, mpaka mwaka jana aliposhauri mwenyewe kwamba ukabidhiwe kwa mtaalamu.

"Miaka thelathini anashika wazazi," mzee alisema, akimwelekezea mkewe kidole cha mguu. "Nilidhani ataambukizwa uzazi."

Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeuzoea mzaha wake kwa kila mgeni. Mama hakuinua macho.

"Na hawa wasiposhika mimba, huyu anarudi kwao," mzee aliendelea. "Siwezi kulisha tasa ishirini na watano."

Walipofika kwa mbuzi wa kumi na tano, mzee aliuliza mbona hadubini haijatoka mkobani. Alikuwa amesikia kwamba mbegu hutazamwa kwanza kama zinacheza. Mtaalamu aliendelea kufuta mrija. Aliyejibu ni mama: wakianza kuchungulia mrija mmoja mmoja, jua litazama na joto la mbuzi litapita. Mzee akaguna kidogo, akakubali.

Wa ishirini na nne alipofunguliwa, mzee alikwenda kula akipiga mluzi.

Mtaalamu alichuchumaa nyuma ya banda, na mama akammiminia maji ya kunawa. Kilichobaki ni kufunga mkoba, kuondoka na kuhesabu miezi mitano. Wafugaji watakuja, watakuta matumbo matupu, na mzee atakosa pa kuuficha uso. Miaka kumi na miwili alikuwa ameungoja utamu huo. Sasa alipoitazama mikono ya mama, iliyochubuliwa na pembe, utamu ukageuka uchungu.

"Mama," alisema, "usingoje miezi mitano. Tafuta pa kwenda mapema. Mbegu zile nimeziua mimi."

Akamwambia yeye ni mtoto wa nani, na kamba ile ilivyoishia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Maji hayakukatika.

"Umeua maiti, mwanangu," alisema. "Mirija ile niliianika juani wiki nzima kabla ya kukukabidhi."