Jua Lililozamishwa Mchana

Mteja alitaka jua lizame, na alitaka lizame kabla ya chakula cha mchana.

"Hii picha ni ya saa sita, bwana," Mtaalamu alisema, akiisogeza ile simu mbali na uso wake kama aliyeletewa chakula kilichochacha. "Mbingu nyeupe kama shuka la hospitali."

"Ndiyo maana nimekuja. Nasikia wewe hata usiku waweza kuugeuza mchana."

Mtaalamu alikipokea kilemba hicho cha ukoka na kukivaa sawasawa. Jina la Mtaalamu alipewa na watu wa mtaani, na tangu apewe hajawahi kukisikia kicheko kilichomo ndani yake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja: kompyuta, feni, kiti cha wateja, na kuta zilizojaa machweo aliyopiga mwenyewe, miti myeusi mbele ya anga za dhahabu. Picha za wenzake aliziita takataka, tena mbele ya wenyewe.

Aliitazama simu tena. Mti mmoja juu ya kilima, matawi yametanda vizuri. Lakini mpigaji alikuwa ameukita katikati kabisa, na upeo wa macho umeikata picha vipande viwili kama mkate.

"Penye miti hapana wajenzi. Nani kapiga hii?"

"Mimi. Zamani kidogo, nikipita njia."

"Usirudie."

Mteja akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, shati limenyooshwa vizuri, ananukia. "Mama watoto anajua jana jioni nilikuwa kilimani na wenzangu wa kazini, tunakagua kiwanja," alisema bila haya. "Sasa anataka kuona picha. Nitamwonyesha nini?"

Mtaalamu alimtazama kama mtu anavyotazama kilichonata kwenye kiatu. Uongo haukumkera. Kilichomkera ni uongo uliotengenezwa ovyo.

Akaketi kazini. Aliusogeza mti kushoto, akaushusha upeo chini. Akachagua anga katika hazina yake, akaliweka jua nyuma ya shina ili miali ipenye matawini. Mti akautia weusi, kisha akaanza kuufukuza ule ukingo mweupe unaobaki kwenye majani, jani kwa jani, maana hapo ndipo wababaishaji huumbuka. Kivuli kilichokuwa kimejikunja chini ya mti kama paka akakivuta mbele, kirefu, cha jioni.

"Ongeza wekundu," mteja alisema begani kwake.

"Unataka jua au mchuzi wa nyanya?"

"Nataka mke wangu aamini."

"Kama amekuamini wewe, ataamini chochote." Akamtumia picha kwenye simu, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Jioni alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa mkufunzi wa wauguzi, na mchana huo ndio alikuwa amerudi kutoka semina mji wa pili; begi lake lilikuwa bado mlangoni. Semina zenyewe Mtaalamu aliziona upuuzi, watu wazima kuandikiana ubaoni, na hakuwahi kuuliza walifundishana nini.

"Na ukamtengenezea?" mkewe aliuliza.

"Kwa nini nisimtengenezee? Ujinga wa mtu si mzigo wangu."

"Masikini, mkewe."

"Masikini kitu gani! Mtu analala na mwongo kitanda kimoja, anamfulia, anampakulia, halafu hana habari. Huyo hadanganywi. Huyo kajifumba macho mwenyewe." Alicheka mpaka akapaliwa. Mkewe akamsogezea maji, akasema safari imemchosha, akaenda kulala.

Siku chache baadaye aliingia studio mwanamke mfupi mwenye miwani, mkoba kifuani.

"Ya paspoti? Kaa pale, kidevu juu," Mtaalamu alisema bila kugeuka.

Mwanamke hakukaa. Aliweka simu mezani. Mti mweusi, jua nyuma ya shina, kivuli kirefu. Kabla ya yote Mtaalamu aliona fahari: kazi ilikuwa safi.

"Nimechungulia simu ya mume wangu. Namba iliyomtumia hii ndiyo iliyoandikwa mlangoni kwako," mwanamke alisema.

"Mama, mimi ni fundi. Mtu akileta kitambaa, nashona. Siulizi anakwenda nacho harusi gani."

"Sikuja kugombana. Ni nzuri."

Upole ule ulimchokoza. Angalau angelia, angetukana. "Najua ni nzuri," alisema. "Lakini mtu mwenye akili zake haonyeshwi jua la kompyuta akashukuru. Ungemjua mumeo, usingehangaika na picha. Mnafuga maradhi ndani, kisha mnakuja kumlaumu muuza dawa."

Mwanamke alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Jioni ile nilikuwa nyuma yake," alisema. "Nilimfuata mpaka nyumba ya wageni, nikakaa ng'ambo ya barabara mpaka wakatoka wote wawili. Picha nilimwomba makusudi. Nilitaka kuona atafika umbali gani."

Mtaalamu akaigeukia kompyuta yake. "Basi kama ulishajua yote, kwangu umefuata nini? Nina kazi."

"Yule mwanamke naye nilimfuatilia, mpaka nikajua kwake." Alichukua simu, akaitia mkobani, akafunga zipu taratibu. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Wewe, mkeo alikuonyesha picha gani?"