Karatasi za Uvunguni

"Baba, sikiliza mara ya mwisho," Atuganile akasema, barua yake ya utetezi mkononi.

Saa nne alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya chuo. Wanasema insha yake kaiiba kwa mwenzake, eti zinafanana neno kwa neno. Mwizi ni huyo mwenzake, aliyechapiwa kazi steshenari ile ile alikochapisha binti yangu. Nani kamuuliza? Wakubwa wale wa viti vya kuzunguka, kumfukuza mtoto wa muuza karanga kwao ni kama kupiga chafya.

"Soma, mwanangu," nikasema, huku nafunga karanga kwenye vipande vya karatasi. Biashara ya marehemu mama yake hii. Kaniachia na karai lake.

Akasoma: "Kuthibitisha kwamba niliandika mwenyewe, naleta rasimu yangu, kurasa kumi na mbili."

"Rasimu ndiyo nini?"

"Si zile karatasi nilizoandika kwa peni kabla ya kuchapa, baba! Ziko uvunguni, kwenye boksi la mama." Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Wakiziona hizo, wamekwisha."

Mkono wangu ukasimama. Mie nilijua kilichoshachapwa hakina kazi tena. Mzigo wa jana wote niliumalizia standi ya Gongo la Mboto.

Nikamwaga karanga za mkononi, nikaikunjua karatasi gotini. Ilikuwa na chumvi na weusi wa karai. Mwandiko ulikuwa wake, na pembeni juu kaandika: 12.

Nyuma yangu nikasikia boksi likiburutwa sakafuni.