Msalaba wa Simba Wanne

Kabla jeneza halijafungwa, Ida aliuvua shingoni msalaba wa fedha ambao mumewe alimvika arusini badala ya pete. Miaka yote aliubusu kila alipomaliza kusali. Sasa aliulaza kifuani pa marehemu mumewe.

Mchungaji Mjerumani aliuokota, akawatazama simba wanne wadogo walio katikati ya mikono ya msalaba, na panga mbili zilizopishana.

"Mama, huu si msalaba wa kanisa. Ni nishani ya mtawala mmoja wa kwetu. Panga hizi huwekwa kwa askari aliyepigana vita. Nyuma pameandikwa 1905."

"Mwaka wa Maji Maji," Ida alisema polepole.

Mwaka ule askari wa Wajerumani walichoma nyumba yao, wazazi wake wakiwa ndani.

Aliitazama mikono ya marehemu. Kisha akajifuta midomo kwa upindo wa kaniki.