Kikombe cha Nne

"Unawashwa?" mama aliuliza.

Chiriku alitikisa kichwa. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kliniki, miguu inaning'inia, kikombe cha tatu cha uji mzito wa kakao mkononi, na kifaa cha kupima mapigo ya moyo kimembana kidole.

"Niambie ukweli, mwanangu. Hata kidogo?"

"Labda kidogo."

Chiriku ni jina la nyumbani tu. Kwa mdomo alionao mtoto yule, ndege mwenyewe angenyoosha mikono. Lakini leo alikuwa kimya.

Alipokuwa na miaka miwili, mama yake mdogo, ndugu wa mama wa tumbo moja, alimpa kipande cha keki ya karanga. Macho yakavimba, midomo ikavimba, mtoto akakimbizwa hospitali akikoroma. Akapona, alhamdulillahi. Ila udugu haukupona. "Ulitaka kuniulia mwanangu," mama alimwambia mdogo wake palepale wodini, mbele za watu, na miaka saba sasa hajamfungulia mlango.

Na tangu siku ile Chiriku hakula chakula cha mtu. Shuleni alikaa meza ya peke yake karibu na dirisha, chakula chake ndani ya kopo lililoandikwa kwa wino mwekundu. Hakulala kwa rafiki, wala hakukata keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu. Watu walisema mama anazidisha. Waseme! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Daktari wa utafiti ndiye aliyewaletea tumaini. Wapo watoto, alisema, ambao wakikua miili yao huacha kuikataa karanga, na njia ya kuhakikisha ni moja tu: kuwalisha, hapahapa kliniki, dawa ikiwa karibu. Siku mbili. Siku moja uji una unga wa karanga, siku nyingine ni uji mtupu. Vikombe vinne kila siku, kila kimoja kipimo chake kikubwa kuliko cha kabla yake. Rangi ileile, ladha ileile. Siku ipi ni ipi, daktari hajui wala muuguzi hajui. Anajua mfamasia peke yake, aliyechanganya uji chumba cha pili na kuitia siri yake ndani ya bahasha, isifunguliwe mpaka siku ya pili iishe. Akivuka zote mbili salama, Chiriku atakula na wenzake.

Jumatatu mama alikuwa zamu kazini, kwa hiyo baba ndiye aliyempeleka. Wale wawili wakikutana ni vurugu mtindo mmoja. Walichekeshana mpaka muuguzi akawaomba wapunguze sauti. Chiriku akamaliza vikombe vyote, akalamba kijiko, akauliza kama kuna cha tano.

"Hata chafya!" baba alirudi nyumbani akijigamba.

"Basi ilikuwa siku ya uji mtupu," mama alimjibu. "Alhamisi ndiyo yenyewe. Nitaomba ruhusa kazini, nikae naye mimi."

Na leo ndiyo Alhamisi.

Muuguzi alileta kikombe cha nne. Chiriku alikula kijiko kimoja, akamtazama mama. Mama alikuwa amemkodolea macho shingoni. Kijiko cha pili, na vidole vya mtoto vikaanza kukuna. Michirizi myekundu ikatokea chini ya kidevu. Akakohoa, akaanza kuhema haraka haraka.

"Koo, mama! Koo linabana!" Kisha akatapika, shuka zima.

"Mchomeni sindano!" mama alipiga kelele. "Mnangoja nini, afe?"

Muuguzi alikwishaishika sindano. Daktari alimwashiria asubiri. Akasikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akaikagua midomo, akazisoma namba za mashine.

"Hewa inapita vizuri," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Inapita? Hiyo shingo huioni?"

"Naiona, mama." Hata hivyo alisimamisha jaribio, na kikombe kikaondolewa kikiwa bado kimejaa.

Saa nzima walimwangalia. Mtoto akatulia, akapitiwa na usingizi. Mama alikaa kitini. Alikuwa ameogopa hofu ya kufa mtu. Lakini ndani ya hofu ile alikuta kitu kingine, akaona haya kukikuta: nafuu. Kumbe hakuwa akizidisha. Ile meza ya peke yake, lile kopo, ule mlango aliomfungia nduguye, vyote alikuwa na haki navyo.

Akachukua simu, akampigia mama yake mzazi, bibi ambaye kila mwaka huja kuwaombea suluhu.

"Mwambie huyo binti yako," alisema kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto, "nimeona kwa macho yangu. Alichotaka kumfanyia mwanangu, leo nimekiona tena. Asinitafute."

"Mwanangu, ndugu yako ni ndugu yako. Miaka saba..."

"Mama, mwambie tu."

"Haya. Nitamwambia," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Simu ikakatika.

Mfamasia akaingia. Akaichana bahasha mbele yao wote, kama utaratibu unavyotaka, akampa daktari karatasi. Daktari akaisoma. Akamtazama mtoto aliyelala, akaisoma tena, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mama Chiriku," alisema taratibu, "karanga zilikuwa za Jumatatu. Leo tumempa uji mtupu."