Mchirizi Chini ya Kamba

Jioni, mlima wa michezo ya theluji ukifungwa, Kaisa alishuka wa mwisho juu ya ubao wake wa kutelezea, akisimama kila kona na kuita, "Tunafunga! Kuna mtu?" Mlinzi wa mlima haendi nyumbani mpaka ahakikishe hakuna aliyebaki.

Kwenye njia iliyozuiwa kwa kamba aliona mchirizi. Ukingo wa ubao ulikuwa umechanja barafu, mstari mwembamba kama wa wembe, ukapita chini ya kamba na kuingia msituni. Wa kutoka haukuwapo.

"Binti, shuka," sauti ya mkubwa wake wa kazi ilikwaruza kwenye simu ya upepo. "Wote wameshafika chini. Pai yako ya nyama naila mimi."

"Iguse uone! Kuna mtu kaingia huku, mzee. Namfuata."

"Peke yako? Hebu ningoje."

Hakungoja. Mtu akitumbukia kichwa chini kwenye theluji laini chini ya msonobari, hukosa hewa hata kabla ya robo saa. Aliinama chini ya kamba, akashuka kwa ubao sambamba na mchirizi ule, hatua moja tu kando yake, mpaka ulipokomea kwenye shina la msonobari.

Alichimba kwa mikono hadi vidole vikafa ganzi. Hapakuwa na mtu.

"Kaisa." Sauti ya mzee haikuwa na utani tena. "Nimefika kwenye kamba. Naona mchirizi mmoja tu ulioingia. Wewe umepitia wapi?"