Mkosi wa Hondohondo

Kanga mmoja alimchukia Hondohondo, kwa kuwa kila ndege huyo alipolia mtini, yai lilipotea kiotani.

“Una mkosi,” alimwambia.

“Nalia ili urudi upesi,” Hondohondo akajibu. “Huku juu namwona Nguchiro akija kula mayai yako.”

“Nguchiro sijawahi kumwona. Wewe nakusikia kila mara.”

Kanga akawaita wenzake, wakamfukuza Hondohondo hadi ng'ambo ya mto. Kesho yake akaenda kutafuta chakula kwa amani. Aliporudi, hakukuta hata yai moja. Alilia sana, huku akizikanyaga nyayo za Nguchiro bila kuzitazama.

“Mmeona wenyewe,” akawaambia wenzake. “Hata akiwa mbali, mkosi wake unatufikia.”